Disleksia Haingoji Mtoto Azoee Kiingereza

Port Botany, katika ukingo wa kaskazini wa Ghuba ya Botany, kusini mashariki mwa jiji la Sydney, ni bandari ya makontena inayohudumia jimbo zima la New South Wales. Bandarini penyewe pamejaa kreni, maghala na malori. Familia huishi katika vitongoji vilivyo jirani, kama Matraville, Botany, Hillsdale, Chifley na La Perouse, na watoto husoma katika shule za huko. Zaidi ya theluthi moja ya wanafunzi wa shule za serikali za jimbo hilo wanatoka katika nyumba zinazosema lugha nyingine pamoja na Kiingereza au badala yake, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha hizo. Kimefika Australia na watu wa Kenya, Tanzania, Burundi na mashariki ya Kongo. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo akitimiza miaka saba au minane huku bado anakwama kwenye maneno mepesi ya kitabu, mzazi huambiwa, na walimu na hata na jamaa: mpe muda, bado anazoea Kiingereza. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, na kwa upande wa mazungumzo mara nyingi ni ya kweli. Kwa upande wa kusoma, yanaweza kumpotezea mtoto miaka anayoihitaji kuliko yote. Hoja ya makala haya ni moja: disleksia hailetwi na lugha mbili, haiondoki kwa mtoto kuzoea Kiingereza, na msaada wake hauna sababu ya kusubiri siku hiyo ifike.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma maneno kwa usahihi na kwa wepesi, na wa kuyaandika kwa tahajia inayotakiwa, unaomkuta mtoto aliyefundishwa, anayesikia, anayeona, na anayeelewa mambo mengine kama wenzake. Haikuzuka juzi. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, alieleza katika jarida la British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na mwepesi wa michezo, ambaye baada ya miaka ya kufundishwa bado alishindwa kusoma maneno mafupi. Mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa mbele ya wenzake wote shuleni. Wakati ule madaktari walidhani kasoro iko katika uwezo wa kukumbuka sura ya neno. Utafiti wa nusu karne iliyopita umetuelekeza kwingine: kwa wengi wa watoto hawa shida iko katika sauti. Ubongo wao huchelewa kuzitenga sauti ndogo ndogo zilizomo ndani ya neno na kuzifunga na herufi zake, mpaka neno litambulike bila jitihada. Kila neno linabaki kazi mpya, hata kama mtoto amelikuta ukurasa uliotangulia.

Mambo matatu yafahamike mapema, maana dhana potofu juu yake zimewaumiza watoto wengi. Kwanza, ugumu huu hauhusiani na akili. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliacha sharti la zamani la kulinganisha kipimo cha akili na kiwango cha kusoma, na uchunguzi wa ubongo uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wanaosoma kwa shida wana upungufu ule ule katika sehemu za kushoto za ubongo, wawe na alama za juu za akili au za chini. Pili, si ugonjwa wa macho. Kugeuza b kuwa d ni kawaida kwa karibu kila mtoto anayeanza kuandika, na peke yake hakuthibitishi kitu. Tatu, disleksia hutembea katika ukoo: mtoto ambaye mzazi wake ana disleksia ana uwezekano unaokaribia nusu wa kuipata naye. Makadirio yanayotajwa zaidi husema inawagusa watoto 5 hadi 10 katika kila 100, kiasi kwamba darasa la watoto 30 huenda likawa na wawili au watatu. Wasichana mara nyingi hawaonekani. Utafiti wa Sally Shaywitz huko Connecticut, uliochapishwa mwaka 1990, uligundua kwamba shule ziliwaorodhesha wavulana wengi zaidi kuliko vipimo vilivyoonyesha, kwa kuwa mvulana aliyekata tamaa huleta fujo, na msichana aliyekata tamaa hunyamaza.

Wapo wanaouliza: kama jambo hili ni la ubongo, mbona wazee wetu hawakulisikia? Sehemu ya jibu iko katika maandishi yenyewe. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu tano zina sauti tano, na mtoto aliyeshika a e i o u, kisha ba be bi bo bu, ana ufunguo wa karibu kila neno atakalokutana nalo. Kiingereza hakimpi mtoto ufunguo huo. Maneno though, through na cough yanaishia kwa herufi zile zile, na kila moja lina sauti yake. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa mwaka wa kwanza katika nchi nyingi za Ulaya. Watoto wa Finland, Italia na Hispania walisoma sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Wale wa Scotland, waliosoma kwa Kiingereza, walipata kama theluthi moja. Miaka miwili kabla ya hapo, Eraldo Paulesu na wenzake walikuwa wamewapima watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao, kwa kuwa maandishi yao ni manyoofu, lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu ule ule mahali pale pale kwa watu wa nchi zote tatu. Hakuna taifa lililokosa disleksia. Maandishi ya taifa moja huifichua, ya taifa jingine huificha.

Matokeo yake kwa mtoto wa Kiswahili ni mazito. Katika lugha yenye maandishi manyoofu, mwenye disleksia hatimaye husoma kwa usahihi, ila husoma polepole, huchoka upesi, na tahajia yake huyumba. Kiswahili nacho kina vikwazo vyake kwa mwandishi mchanga: mb na nd, ng na ng', nyw na mbw, m inayosimama peke yake kama silabi katika neno mtu. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza maandishi ya watoto wa shule, walionyesha mwaka 2003 kwamba hata lugha ya tahajia nyoofu si kazi nyepesi kuiandika. Hata hivyo mtoto huyo anaweza kupita madarasa ya chini akiitwa mzito tu, kisha lugha ya shule ikabadilika. Tanzania mabadiliko hayo huja kidato cha kwanza, masomo yanapoanza kutolewa kwa Kiingereza. Kwa familia iliyohamia Sydney huja siku ambayo mtoto anaingia darasani. Ugumu uliokuwa umejificha hujitokeza wote kwa pamoja, na kwa sababu umetokea sambamba na lugha mpya, lugha mpya ndiyo inayolaumiwa.

Lawama hiyo inafaa kupimwa kwa ushahidi. Wanaoshauri kusubiri hutegemea ukweli mmoja: mtoto mgeni hupata Kiingereza cha kuzungumza na wenzake kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili, na Kiingereza cha masomo kwa miaka mitano hadi saba, kama Jim Cummins alivyoeleza katika tafiti zake nchini Kanada. Lakini kuelewa maana ya somo na kulifungua neno lililoandikwa ni stadi mbili. Huko huko Kanada, katika mji wa North Vancouver, Nonie Lesaux na Linda Siegel waliwafuatilia karibu watoto 1,000 tangu chekechea hadi darasa la pili, baadhi yao wakiwa hawakuanza na Kiingereza nyumbani. Shule zao ziliwafundisha wote sauti za maneno na herufi kwa utaratibu, na zilimsaidia mapema kila aliyeonekana kuyumba. Kufikia darasa la pili, waliokuja na lugha nyingine walikuwa sawa na wenzao katika kusoma maneno, na katika baadhi ya vipimo waliwapita. Matokeo hayo ya mwaka 2003 yanaangusha hoja ya kusubiri. Ikiwa mtoto wa kawaida mwenye lugha mbili hujifunza kufungua maneno kwa kasi ya wenzake anapofundishwa vizuri, basi yule anayeshindwa kwa muda mrefu licha ya kufundishwa vizuri anatuambia jambo jingine, na ni wajibu wetu kumsikiliza.

Muda wenyewe haumsaidii. Connie Juel aliwafuatilia watoto 54 wa shule moja huko Texas na kuona, mwaka 1988, kwamba aliyemaliza darasa la kwanza akiwa msomaji dhaifu alikuwa na uwezekano wa asilimia 88 wa kuwa hivyo hivyo mwisho wa darasa la nne. Keith Stanovich, aliyeandika mwaka 1986, alieleza sababu: anayesoma vizuri husoma zaidi, hupata maneno mengi na maarifa mengi, na kusoma kunazidi kumwia rahisi, ilhali anayesoma kwa shida hukwepa vitabu, na pengo hupanuka kila muhula. Wazee walisema subira yavuta heri, na wakasema pia ngojangoja huumiza matumbo. Katika jambo hili methali ya pili ndiyo inayoungwa mkono na utafiti.

Pamoja na hayo, kosa la upande wa pili lipo na linaumiza vilevile: kumwita mtoto mgeni mwenye ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma au Nyarugusu baada ya kukatiza shule mara kadhaa hasomi kwa kuwa hajafundishwa, na dawa yake ni kufundishwa. Mtoto mwenye ugonjwa wa sikio la kati hukosa kusikia tofauti za sauti. Ndiyo maana kupima masikio na macho ni hatua ya kwanza kila mahali, na hasa kwa watoto wa jamii za Waaborijini, wakiwemo wa La Perouse, kwa kuwa maradhi hayo ya masikio huwapata watoto wa Kiaborijini mara nyingi kuliko wengine. Mwenye disleksia atatofautishwaje na hawa? Dalili zake zinaonekana katika lugha zote anazozijua. Alichelewa kuzikamata silabi za Kiswahili wakati ndugu zake walizishika upesi. Huona tabu kukata neno katika vipande vyake au kutaja neno linaloanza kwa sauti fulani. Husahau majina ya herufi alizofundishwa wiki iliyopita. Husimulia hadithi nzima kwa ufasaha lakini hawezi kuandika mistari mitatu. Na katika ukoo yupo mjomba, shangazi au mzazi aliyepambana na kusoma. Mwalimu wa Sydney hawezi kuyajua mengi ya haya, kwa sababu yako katika lugha asiyoisema na katika nchi ambayo hajawahi kufika. Mzazi anayajua. Ushuhuda wake juu ya jinsi mtoto alivyojifunza kwa Kiswahili ni ushahidi ambao shule haina, naye asiudharau kwa kuona Kiingereza chake ni kidogo. Katika Australia huduma ya taifa ya wakalimani hupatikana kwa simu 131 450, na shule za serikali za New South Wales huweza kumletea mzazi mkalimani bila malipo katika mkutano kuhusu mtoto wake.

Kuna ushauri mwingine ambao wazazi hupewa, nao hauna msingi: waache kusema Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Hakuna ushahidi kwamba lugha mbili huleta disleksia au huizidisha. Mtoto mwenye disleksia aliyenyimwa Kiswahili atabaki na disleksia ile ile, na atakuwa amepoteza juu yake mazungumzo mapana na wazazi wake, ambayo ndiyo chanzo cha msamiati na ufahamu anaouhitaji hata anaposoma Kiingereza. Tena Kiswahili kinampa mwenye disleksia uwanja mwepesi wa mazoezi. Hadithi, vitendawili, nyimbo za vina, michezo ya kubadili silabi ya kwanza au kulisema neno kinyumenyume kama watoto wa pwani wafanyavyo, yote hayo hunoa sikio lake kwa sauti zilizomo ndani ya maneno. Na akijifunza kusoma maandishi manyoofu ya Kiswahili, anaonja kwamba herufi zina utaratibu unaoaminika, kabla hajakutana na vurugu za tahajia ya Kiingereza.

Sasa shule ifanye nini? Kwa hilo, New South Wales ina mfano unaofaa kutazamwa, kwa mafanikio yake na kwa mipaka yake. Kwa miaka mingi shule nyingi za nchi zinazosema Kiingereza ziliwafundisha watoto kubahatisha neno kwa kuangalia picha au kwa kutazama sentensi inaelekea wapi. Uchunguzi wa kitaifa wa Australia wa mwaka 2005 kuhusu kufundisha kusoma ulipendekeza watoto wafundishwe mapema na kwa utaratibu uhusiano wa herufi na sauti. Pendekezo hilo lilichukua muda mrefu kuingia madarasani. Huko Sydney kwenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, wakiwemo Max Coltheart na Anne Castles, walikuwa na mchango mkubwa katika kueleza jinsi msomaji anavyotumia njia mbili, ya kuunganisha sauti na ya kulitambua neno zima, na kwa nini njia ya pili hujengwa juu ya ya kwanza. Jimbo la South Australia lilianza mwaka 2018 kumpima kila mtoto wa darasa la kwanza wa shule za serikali kwa orodha ya maneno 40, nusu yake ya kweli na nusu ya kubuni, ili ionekane kama anafungua herufi au anakumbuka sura. New South Wales ililifanya zoezi hilo kuwa la lazima katika shule za serikali mwaka 2021. Mwalimu humpima mtoto mmoja mmoja kwa dakika chache. Mtaala mpya wa Kiingereza wa madarasa ya mwanzo, unaosisitiza sauti na herufi kwa mpangilio, ulianza kufundishwa katika shule zote za jimbo mwaka 2023.

Matokeo ya kwingine yanaonyesha kwamba njia hii ina uzito. South Australia, watoto waliofikia kiwango kilichowekwa walikuwa asilimia 43 mwaka 2018, na mwaka uliofuata wakawa asilimia 63. Uingereza, iliyoanza mwaka 2012 na asilimia 58, ilifika asilimia 82 mwaka 2019. Takwimu hizi zisomwe kwa kiasi: zinapima ufunguaji wa maneno tu, na kufaulu zoezi hakumaanishi kuelewa kitabu. Zoezi hilo pia halitambui disleksia. Linaloonyesha ni nani anahitaji msaada sasa. Lakini hilo ndilo tunalolihitaji, kwa sababu mafundisho yanayomfaa mwenye disleksia ndiyo yale yale yanayomfaa mtoto mgeni wa lugha na mtoto aliyekosa shule: kufundishwa waziwazi, hatua kwa hatua, sauti kwa herufi, kwa kurudia mpaka ikae. Wengi watafaulu kwa mafundisho ya darasa zima. Wachache watahitaji kikundi kidogo mara kadhaa kwa wiki. Wachache zaidi watahitaji mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja, kwa muda mrefu. Yule ambaye amepata msaada huo kwa miezi kadhaa na bado anakwama ndiye anayefaa kupelekwa kwa mtaalamu. Kwa mpango huo swali la kama tatizo ni lugha au disleksia linajibiwa mtoto akiwa anafundishwa, wala si akiwa anasubiri.

Wengine hupinga jina lenyewe. Julian Elliott wa Chuo Kikuu cha Durham na Elena Grigorenko waliandika mwaka 2014 kwamba mpaka kati ya mwenye disleksia na msomaji dhaifu wa kawaida hauko wazi kisayansi, na kwamba kutafuta jina kunazipa familia zenye fedha msaada ambao maskini hawaupati. Pingamizi hilo lina ukweli ambao haufai kupuuzwa. Kusoma kuko katika ngazi, na popote unapochora mstari, mtoto aliye hatua moja juu ya mstari anafanana sana na aliye hatua moja chini. Lakini mwisho wa hoja hiyo ni kwamba msaada usitegemee jina, na hapo tunakubaliana nao kabisa. Hoja hiyo haitufikishi kwenye kulitupa jina. Kijana aliyeitwa mvivu kwa miaka sita anapoambiwa kwamba ugumu wake unajulikana, una sababu na una njia ya kufundishwa, hupata maelezo badala ya aibu, na wazazi wake wanaacha viboko na matusi. Sheria ya Australia nayo imekwenda mbele ya mabishano haya. Sheria ya kupinga ubaguzi wa watu wenye ulemavu ya mwaka 1992, pamoja na viwango vya elimu vya mwaka 2005, inazitaka shule zifanye marekebisho ya kuridhisha kwa mwanafunzi, na katika hesabu ya kitaifa ya wanafunzi wenye ulemavu shule inaweza kumhesabu mtoto kwa ushahidi wa walimu wenyewe, hata kama hana cheti cha mtaalamu.

Jambo hilo la cheti ni kubwa kwa familia ya kipato cha kawaida. Tathmini kamili ya mwanasaikolojia binafsi Sydney inaweza kupita dola 1,000, na kwa kawaida mpango wa taifa wa bima ya ulemavu haugharamii disleksia, kwa kuwa huhesabiwa kuwa jukumu la shule. Mzazi akiambiwa kwamba hakuna linalowezekana bila tathmini hiyo, ajue kwamba si kweli. Anayo haki ya kuomba kikao na mwalimu wa darasa na timu ya shule ya kuwasaidia wanafunzi; kuuliza mtoto alipata maneno mangapi kati ya 40 katika zoezi la darasa la kwanza; kuuliza ni mafundisho gani ya ziada anapewa, mara ngapi kwa wiki, na maendeleo yatapimwa lini; na kuomba yaliyokubaliwa yaandikwe. Maswali hayo hayagharimu kitu, na kwa mzazi aliyekulia katika desturi ya kumheshimu mwalimu hadi kunyamaza mbele yake, kuyauliza si utovu wa adabu. Shule za huko hutarajia mzazi aulize. Fedha za familia zisiende kwa tiba za mkato. Miwani na karatasi za rangi na mazoezi ya macho zimetangazwa kwa miaka mingi. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na vyama vya madaktari wa macho, kilitamka kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaoziunga mkono kuwa tiba ya disleksia.

Na aliyekwisha kuwa kijana? Wapo wanaosema treni imekwisha kuondoka. Hawasemi kweli. Ubongo wa kijana bado hujifunza, ingawa kwa jitihada kubwa zaidi, na mwanafunzi wa miaka 14 anaweza kufundishwa sauti na muundo wa maneno, mradi vitabu visiwe vya watoto wadogo vinavyomdhalilisha. Sambamba na hayo anahitaji mlango wa kuyafikia masomo leo: vitabu vya kusikiliza, programu zinazosoma maandishi kwa sauti na zinazoandika anachokitamka, maelezo yaliyochapwa badala ya kunakili ubaoni, na kutolazimishwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kujiandaa. Katika mtihani wa mwisho wa sekondari wa New South Wales, shule inaweza kumwombea msomaji, mwandishi au muda wa ziada. Wanaolalamika kwamba huo ni upendeleo wajiulize mtihani wa sayansi unapima nini. Kama unapima sayansi, basi kumsomea swali kijana aliyeielewa sayansi kunaondoa kizuizi kisichohusika na somo. Na moyo wake uangaliwe. Wasiwasi na huzuni huwapata vijana hawa kuliko wenzao, na kijana wa familia ya wahamiaji hubeba pia hofu ya kuwavunja moyo waliojinyima ili yeye asome.

Kusoma kuna uzito wa pekee hata penye kazi za bandari. Mtu anaweza kudhani kwamba palipo na kreni na maghala kusoma hakuna haja, lakini leseni ya kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ina mtihani wa maandishi, mafunzo ya usalama yana fomu, na kontena lenye kemikali hutambulika kwa lebo yake. Mzazi anayezikwepa fomu hizo kazini, au anayemwomba mwenzake amsomee, huenda naye amebeba disleksia ambayo haikutajwa jina, ile ile anayoiona kwa mwanawe. Kulisema hilo mbele ya mtoto ni kumpa ahueni kubwa: anajua hakuumbwa na kasoro ya peke yake.

Somo la Sydney linarudi pia Afrika Mashariki. Tanzania ilianza mwaka 2015 mtaala wa madarasa ya kwanza na ya pili unaotia nguvu Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Kenya katika mwaka huo huo ilieneza mpango wa Tusome nchi nzima. Yote miwili ilielekeza nguvu mahali panapostahili, kwenye misingi ya kusoma katika madarasa ya chini. Kinachobaki ni kumtafuta yule ambaye hata mafundisho mazuri hayakumtosha, kabla Kiingereza cha sekondari hakijamfukuza shule, na hilo linawezekana kwa karatasi moja ya silabi, dakika tano za mwalimu, na kikundi kidogo cha mazoezi. Darasa la watoto 80 hulifanya jambo hilo kuwa gumu. Halilifanyi kuwa la hiari.

Mzazi unayesoma haya, uwe Matraville, Mombasa au Morogoro: mwanao akifika darasa la pili na maneno bado yanamshinda, usikubali kuambiwa asubiri. Mpeleke apimwe masikio na macho, mweleze mwalimu alivyojifunza Kiswahili, uliza atasaidiwa kuanzia lini, na endelea kuzungumza naye kwa lugha ya nyumbani kwenu. Mwalimu nawe, ukimwona mtoto mgeni anayekwama, mfundishe leo sauti na herufi zake. Kama shida ilikuwa Kiingereza tu, hakupoteza kitu. Kama ni disleksia, umemwokolea miaka.